Mwaka Niliofundishwa Kula

Mama mkwe wangu Leokadia tulimzika Jumanne, nyumbani kwake Ngara, na siku ya tatu, tulipokuwa tukipika chakula cha kuwaaga watu wa msiba, wifi zangu waliniachia mimi sufuria la isombe, yaani kisamvu. Hakuna aliyesema kwa nini. Mimi ni Msubi wa Nyarubungo, kule Biharamulo. Niliingia kwenye familia hii ya Wahangaza nikiwa siwezi kutofautisha kisamvu kilichoiva na kile kitakachokupa kizunguzungu, na leo mimi ndiye ninayeachiwa sufuria. Nilisimama pale na mwiko, moshi ukinitoa machozi ambayo yangetoka hata bila moshi, nikawaza kwamba nina miaka arobaini na tisa, nimekaa madarasani, nimekaa kwenye semina, na hakuna aliyenifundisha jambo kubwa kuliko mwanamke huyu ambaye darasa la nne hakulimaliza. Alinifundisha kupenda chakula. Najua utasema, kupenda chakula nani anafundishwa, hata mbuzi anajua. Mimi nilifundishwa, na nilikuwa mwanafunzi mgumu kweli kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili wakati ule, nina banda la chipsi Nyakanazi, pale malori yanapoachana, haya yakaelekea Rusumo, haya Kigoma, mengine yakirudi Kahama. Mume wangu Deo alikuwa fundi wa pancha ng'ambo ya barabara, na mimi nilijulikana. Dereva alikuwa anashuka kwenye lori anaita, "Evodia, weka zege," yaani chipsi mayai, naye hajafunga hata mlango, na mayai yangu yalikuwa yanaanza kulia kwenye karai kabla hajafika kwenye benchi. Nilikuwa najivuna, sitaficha. Na nilikula nilichopika. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu, saa nne soda, mchana chipsi, jioni chipsi zilizobaki na soda nyingine ya kuzisindikiza. Mboga za majani nilikuwa naziona chakula cha watu waliokosa. Nyanya chungu ndiyo kabisa, niliitema mara ya kwanza na ya mwisho nikiwa mtoto, nikaapa. Ukitaka kumjua mtu wa Nyakanazi wa siku zile, mtazame anavyopita kwa mama wa mchicha bila kugeuza shingo.

Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja. Tumbo lile la kwanza lilikuwa kubwa na kila aliyepita alilisifu, madereva wakitania kwamba nitazaa utingo aliyekwisha kukomaa, awahi kazini. Mama wenye vibanda walisema mwanamke mjamzito anakula kwa watu wawili, nami nikala kwa watu watatu, nikijua namfanyia mwanangu wema. Alikuja mkubwa kweli. Alikwama mabegani, wakahangaika naye, na alipotoka chumba kizima kilikaa kimya, nami nikawa nasubiri kitu ambacho sikukipata. Alikuwa mzuri, mwenye mashavu. Deo alimbeba mpaka Ngara, akazikwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye migomba. Mpaka leo mtu akisifia uzito wa mtoto mchanga mbele yangu, mimi hujifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika mwezi wa nne nilikwenda hospitali mapema, na daktari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alinipima damu, akanipima tena, halafu akavuta kiti karibu. "Unakula nini kwa siku? Niambie yote, usichague. Mimi si padri, sitakupa malipizi." Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba wapo wanawake ambao sukari huwapanda wakiwa na mimba, na sukari ile haikai kwa mama peke yake, mtoto naye anaila, ananenepa kupita njia yake. "Na yule wa kwanza?" nikamuuliza. Hakunidanganya. Alisema hakuwepo, hawezi kuapa, ila inaelekea sana. Kisha akaniambia tutajaribu chakula kwanza, maana sindano za kushusha sukari nikipewa sina pa kuzihifadhi kwa baridi. Chakula kikishindwa, tutaona. Nilitoka pale na karatasi yangu ya kipimo. Nilikuwa nimeelewa vizuri kabisa kwamba uhai wa mtoto huyu uko mdomoni mwangu, tena mdomo wenyewe ndio huu.

Nilirudi bandani nikajaribu. Nilishinda siku nne. Siku ya tano harufu ya mafuta ilinizunguka kichwa, nikajikuta nimekaa nyuma ya banda nakula chipsi kwa haraka kama mwizi, nalia, natafuna. Mtu hakuelewi ukimwambia. Anafikiri ni ulafi. Nilikuwa nampenda mtoto yule tumboni kuliko kitu chochote, na mkono ulikwenda kwenye sahani vilevile. Deo alinikuta pale. Alinifuta mafuta kidevuni kwa kitambaa chake cha kazi, na kesho yake alilifunga banda, akanipakia basi la Ngara kwenda kwa mama yake.

Sasa hapo ndipo tulipokosea, kosa la watu wenye adabu. Deo aliona haya kumweleza mama yake mambo ya damu na mimba. Mtoto wa kiume anaanzia wapi? Akamwambia tu, "Mama, Evodia anahitaji kupumzika," akanywa maji, akarudi kwenye pancha zake. Na mama mkwe akanipokea anavyopokewa mkaza mwana mjamzito katika nyumba iliyokwisha kupoteza mjukuu. Kila asubuhi uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha. Kila mchana kibuyu cha mutobe, maji ya ndizi mbivu anayoyakamua mwenyewe kwa majani, matamu kuliko soda yoyote niliyowahi kufungua. Kwetu na kwao mkaza mwana hakatai alichopewa kwa mkono wa mama mkwe. Ukikataa umemwambia kwamba mkono wake mchafu, au moyo wake. Alikuwa anasimama kunitazama nikinywa, uso ukimng'aa, nami nilikunywa mpaka tone la mwisho nikisema asante mama, na moyoni nasema Mungu nisamehe.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa daktari, na kipimo kilikuwa kimepanda kuliko mwanzo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilifika nyumbani kwake kilimani jioni, nikamkuta mama mkwe jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia, marahaba, na papo hapo akanyoosha mkono kuchukua kibuyu. Nikapiga magoti. Nilimweleza yote, chipsi, soda, sukari, mabega ya yule mtoto, na kwamba mutobe wake unampeleka huyu wa pili njia ileile. Alikiweka kibuyu chini taratibu. Alizirudisha punje za maharage kwenye ungo, moja moja. "Kwa hiyo," alisema, "nimekuwa namharibu mjukuu wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe unasema asante." Nikasema ndiyo, mama. Akatoka nje. Nilimwona akienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akakaa huko mpaka giza lilipoanza kuingia.

Alirudi mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye macho ya kucheka, na Kiswahili chake alikichanganya ra na la mpaka wageni walikuwa wakimwomba arudie. Nitaandika maneno yake kama shule ilivyonifundisha, maana nikiyaandika alivyoyasema tutakesha hapa. Kesho yake asubuhi alinikalisha kwenye kigoda, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Mukazana," alisema, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto, "mke wa mwanangu hakatai ninachompa. Sivyo?" Nikasema ndivyo, mama. "Hata kama hakipendi?" Hata kama hakipendi. "Basi vizuri," akasema, akaniwekea bakuli la nyanya chungu zilizochemshwa na maharage. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Nami nilikula. Nilikula huku mate machungu yakinijaa mdomoni, nimefungwa na desturi ileile iliyokuwa imetaka kutuua.

Ila hakuwa mtu wa kulazimisha, na hilo ndilo ninaloendelea kulistaajabia. Angeweza. Alisema mtoto anayeachishwa ziwa hulia siku tatu na siku ya nne anauliza uji uko wapi, lakini ukimpaka pilipili atalikumbuka ziwa mpaka uzeeni. "Wewe nakuachisha ziwa," aliniambia, "kwa hiyo lia, ruhusa." Sukari ya chai hakuiondoa. Aliipunguza kijiko kimoja kila Jumapili tukitoka kanisani, na pale kijiko kilipotoka aliingiza mchaichai, au tangawizi, ili kikombe kisionekane kimenyang'anywa kitu. Nyanya chungu ya pili haikuja peke yake, ilikuja imezama kwenye karanga za kusaga, kwa sababu aligundua karanga nazipenda. Ya tatu karanga zikapungua kidogo. Na kadiri siku zilivyokwenda sikuweza kusema ni lini hasa nilianza kula nyanya chungu tupu. Kila tulipokula mboga ilikuja kwanza, kisha maharage, na ugali wa muhogo mwishoni, kiasi cha ngumi yangu. Hakunipa chakula kabla sijawa na njaa. Tulikuwa tunapalilia kidogo, au tunakwenda kisimani tukirudi polepole, na nilipokuwa naanza kutazama jua ndipo anaposema haya, tule.

Na hakukubali mtu ale akiwa amenuna. Ukinuna alikuwa anakunyang'anya bakuli, anakuambia kanune kwanza uje. Tulikula sote kutoka kwenye chungu kimoja, yeye, mimi na wifi yangu mdogo Yustina, bila chakula cha mgonjwa pembeni. Alisema chakula cha mgonjwa ndicho kinachomfanya mtu augue. Tukiwa tunakula ndipo alipokuwa ananisimulia vituko vya Deo alipokuwa mdogo, jinsi alivyomfuga kunguru akidhani ni kuku, jinsi alivyokimbia komunyo ya kwanza kwa sababu viatu vilikuwa na sauti. Nilicheka huku nimejaza isombe mdomoni. Nilifikiri ananiliwaza tu. Kumbe alikuwa ananipikia kicheko ndani ya chakula, na sikujua mpaka miaka mingi baadaye.

Wiki mbili za kwanza niliteseka. Kichwa kiliuma, nikamgombeza Yustina bila sababu, nikaota karai la mafuta, naliota kabisa, nasikia viazi vinavyoimba. Siku moja nilisimama mlangoni nikasikia mama mkwe na jirani yake wanazungumza nyuma ya ukuta wa matete. Kihangaza nilikuwa nimeanza kukishika. Jirani alisema, "Mkaza mwana wako hata tumbo halijai. Watu wanasema humlishi. Mutobe umeufunga ndani, mtoto wa watu unampa majani." Mama mkwe akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza bei ya chumvi, "Waseme. Wa kwanza walimsifu wote, na kaburi nimelipalilia mimi peke yangu." Nilirudi kitandani kwangu, chini ya kalenda ya parokia, nikajifunika khanga. Sikuwa nimejua kwamba analipalilia. Kuanzia jioni ile niliacha kuhesabu siku za kurudi Nyakanazi.

Sasa nifike kwenye ajabu yenyewe. Ilikuwa kama wiki ya saba. Niliamka asubuhi, majogoo bado hawajanyamaza, na kabla sijafungua macho vizuri nilikuwa natamani kitu. Niliogopa, nikijua ni soda. Nikajisikiliza. Ilikuwa isombe. Nilitamani isombe, ile ya jana, iliyolala, yenye karanga na mawese kidogo, nikaisikia hata kwenye taya. Nilikaa kitandani nimeshika mdomo. Hakuna aliyeniambia niipende, sikujibidiisha, sikuomba. Nilikuwa nimelala tu, na wakati nimelala mtu aliingia ndani ya kichwa changu akabadilisha samani. Nikaanza kuchunguza kama mtu aliyepewa ulimi mpya dukani. Boga la kuchemsha lilikuwa tamu. Maharage mabichi yalikuwa na utamu, na miaka yote nilikuwa nayala bila kuuonja. Hata kabichi! Nilimfuata mama mkwe shambani kumwambia, nikiongea haraka, naye akaendelea kulima. "Ulikuwepo siku zote huo utamu," alisema. "Sukari ilikuwa inapiga kelele."

Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mtaalamu wa lishe alitufundisha kwamba ndivyo ubongo ulivyo. Alisema hakuna anayezaliwa anapenda chipsi. Ubongo unaonja kitu, unatazama nini kimefuata, shibe, nguvu, watu waliokuwepo, kucheka, kugombezwa, unaandika. Na siku ukikiona tena kitu kile unasoma ulichoandika. Ukiupa chakula kingine mara nyingi, kwa njaa ya kweli na kwa amani, unaandika upya juu ya yale ya zamani, na ulimi wenyewe ukipunguziwa sukari na chumvi unarudi kusikia vitu vidogo. Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi kalamu ilinianguka. Nilikuwa namwona mwanamke mfupi ananyang'anya mtu bakuli kwa sababu amenuna. Aliyajua yote hayo, kutoka wapi sijui, labda kutokana na watoto saba aliowaachisha ziwa.

Mimba ilipofika mwezi wa nane nilipita Nyakanazi kumwona Deo. Banda langu alikuwa amelishika rafiki yangu Zaituni, akanikalisha kwenye benchi yangu mwenyewe, akanipikia zege kwa upendo wote, akafungua soda ya baridi. Nilikuwa nimeogopa siku ile kwa wiki nzima. Nilikunywa funda moja, nikalishika mdomoni sijui nilipeleke wapi. Lilikuwa tamu la kuumiza, tamu kama dawa ya kikohozi. Chipsi nilikula nne, mafuta yakanikaa kwenye ufizi. Zaituni aliniuliza kama nimemchukia. Nikamwambia hapana shoga yangu, na machozi yakanitoka, akawaita watu akidhani uchungu umeanza. Haukuwa uchungu. Nilikuwa nimekaa kwenye banda lilelile nililokuwa nakula nyuma yake kwa kujificha, na mkono wangu ulikuwa umetulia mapajani, wenyewe, bila kushikwa na mtu. Sitasema chipsi sijala tena. Nimekula, za Zaituni nilizila mpaka alipohama. Lakini tangu siku ile mimi ndiye ninayezila, si zenyewe zinazonila.

Sukari ilishuka ikakaa. Daktari alikuwa ananipima, ananitazama, ananipima tena, na safari ya mwisho aliniuliza ni nani anayenipikia. Lakini sikushusha pumzi. Kipimo ni karatasi, na mimi nilikuwa nimeshawahi kusifiwa. Uchungu uliponishika mama mkwe alinisindikiza hospitali na rozari yake, akaambiwa asubiri nje, akakaa chini ya dirisha la chumba cha uzazi. Nilikuwa naisikia sauti yake ikipanda na kushuka, salamu Maria baada ya salamu Maria, kwa Kihangaza. Maumivu nisiyasimulie, kila aliyezaa anayajua. Hofu yangu ilikuwa mabega. Kichwa kilipotoka nilimshika mkunga mkono nikamwambia, "Mabega, dada, mabega," naye akasema, "Yamekuja, mama, yameshakuja," na nilikuwa bado nasukuma.

Kisha kukawa kimya. Sijui kilikuwa cha muda gani, mkunga alisema baadaye ni kufumba na kufumbua. Mimi nilikuwa mle ndani mara ya pili, chumba kilekile cha kimya, nikisubiri kitu kilekile. Nje, chini ya dirisha, salamu Maria nayo ilikatika katikati. Halafu binti yangu, ambaye leo ana watoto wake na alibeba msalaba mbele ya jeneza la bibi yake, akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, maana alikuwa mdogo, mwembamba wa miguu, mtoto wa kawaida kabisa ambaye hakuna dereva angemsifu.

Mama mkwe aliingia bila kuruhusiwa. Mkunga alimnyooshea mtoto, amwone, lakini hakumtazama mtoto kwanza. Alikuja moja kwa moja mpaka kitandani, akaushika uso wangu kwa mikono yake miwili, ile mikono migumu ya jembe, akanitazama kwa muda. "Umekula vizuri, mwanangu," alisema. Ndipo akageuka, akanyoosha mikono apewe mjukuu wake.